Mwanamke wa Tatu Chini ya Leso

Tulikuwa wanawake watano tumesimama kando ya ukuta, tumefunikwa leso kutoka utosini hadi miguuni, na mimi nilikuwa wa tatu. Aliyewahi kuhudhuria ruracio ya Wakikuyu anaujua mchezo huu. Siku ya kuleta mahari, mchumba anapitishwa mbele ya wanawake waliofunikwa na kuambiwa amtafute wake. Akikosea, watu wanacheka, anatozwa faini ya kreti ya soda, anajaribu tena. Kwa kawaida hakosei mtu, kwa sababu anayekupenda anakujua hata ukiwa ndani ya gunia.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia wiki nzima.

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, saa saba mchana, katika ukumbi wa wapangaji wa apartimenti tunazokaa mama na mimi hapa Lewisville, Texas. Wageni wa Vital, mchumba wangu, walikuwa wameingia wakiimba, wengine kutoka Haltom City walikohamishiwa walipotoka Kongo, wengine kutoka Houston pamoja naye. Aliondoka Katy, kitongoji cha Houston anakokaa, alfajiri, akaendesha gari saa nne na ushee ili aje anitolee mahari. Na hakuwa ameniona kwa wiki kumi na nne.

Katika hizo wiki kumi na nne nilikuwa nimeongeza paundi thelathini na moja, na Vital hakujua hata moja.

Usinicheke. Siku nne kabla ya ruracio niliishi kwa maji, matango na kahawa isiyo na sukari, nikitumaini kuyeyuka. Hata mtoto wa chekechea anajua mwili hauyeyuki kwa matango ya siku nne, lakini mwenye hofu hana hesabu. Asubuhi ile nilipovaa gauni langu la kitenge, lililoshonwa Aprili, zipu iligoma katikati ya mgongo. Mama aliifunga kwa pini tatu, kisha akanifunika leso na kusema afadhali mila za wazee, zinaficha mengi. Hakusema kwa ubaya. Mama yangu husema mambo mabaya zaidi ya maisha yangu kwa sauti ya mtu anayeuliza kama kuna maziwa.

Nilianza safari hii ya kupunguza uzito kabla ya kumjua Vital. Ilikuwa Januari, miaka miwili na nusu iliyopita. Daktari aliniambia sukari imefika mlangoni na inabisha hodi. Baba yangu alikufa kwa sukari, Thika, baada ya kukatwa mguu, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa mara ya pili. Kesho yake, kabla ya zamu yangu katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nilivaa koti la baridi nikaanza kuzunguka maegesho ya magari peke yangu. Mzunguko mmoja, nikahema kama mbwa. Kufikia kiangazi nilikuwa nazunguka mara kumi, na paundi thelathini zilikuwa zimekwenda.

Hapo ndipo nilipokutana na Vital, katika harusi ya rafiki yangu Kethia kule Haltom City. Alikuja kukaa karibu nami kwa sababu, alisema, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nacheka kwa tumbo. Ana macho ya mtu anayekusikiliza hata ukiwa umenyamaza. Anafanya kazi ya fiziotherapia Houston, kazi yake ni kurudisha watu kwenye miguu yao, na nilipomweleza kuhusu maegesho yangu alitaka kujua kila kitu. Wiki iliyofuata alianza kunipigia simu kila asubuhi saa kumi na moja na nusu. Alitembea kule Katy, mimi nikatembea huku Lewisville, tukisikilizana pumzi. Niliipenda sauti yake kabla sijampenda yeye, kisha nikampenda yeye mpaka nikasahau nilianza kutembea kwa ajili ya nini.

Paundi nyingine arobaini zilitoka. Vital alifurahi kuliko mimi. Alikuwa na picha yangu ya zamani na picha yangu ya Pasaka katika simu yake, moja kando ya nyingine, na alizionyesha kwa marafiki, kwa wagonjwa wake, hata kwa mchungaji. Nilidhani hiyo ni fahari ya mpenzi. Ubishi pekee ulitoka kwa shangazi yake, tantine Généreuse, aliyemlea tangu kambi ya wakimbizi. Siku aliponiona kwa mara ya kwanza, baada ya Pasaka, alimwambia mbele yangu kwamba mwanamke anayekonda hivi ana ugonjwa au ana huzuni, na ukoo wao hauoi kimojawapo. Vital alinitetea kwa ukali hadi nikamwonea huruma mama wa watu.

Kisha mwishoni mwa Aprili, nikimwinua bibi mmoja kitandani kazini, mguu uliteleza, kifundo kikazunguka. Wiki sita nilivaa kiatu kile cha plastiki kama cha roboti. Sikutembea. Nilikaa kwenye kochi, mama akapika chapati kwa sababu mgonjwa hulishwa, na mimi nikala kwa sababu nilikuwa na uchungu. Wiki ya pili nilimwambia Vital ukweli kwamba nimeongeza paundi nne. Hakunigombeza. Hakupiga simu siku mbili, basi. Siku ya tatu alipopiga na kuuliza mizani inasema nini, nilisema mia moja sitini na nane, ile namba ya Pasaka. Nikasikia anatabasamu. Kuanzia hapo nikaisema kila asubuhi kama sala.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha shavu. Nilipiga simu za video nikiwa nimeinua simu juu, nikitazama dari. Akitaka kuja, nina zamu. Naye alikuwa na masomo ya wikendi, akakubali. Mguu ulipona Juni, lakini sikurudi maegeshoni. Nilikuwa naona haya kuanza tena mzunguko mmoja.

Basi nikasimama chini ya leso, nikiwa na njaa ya siku nne, nikaona sakafu tu na viatu vya watu. Uncle Isack, ndugu ya marehemu baba ambaye ndiye msemaji wetu, alitangaza kwamba mgeni aanze kazi. Wanawake wetu wakapiga vigelegele. Nikaviona viatu vyeusi vya Vital, vimepigwa rangi, vikipita mbele ya mwanamke wa kwanza, vikapita wa pili, vikasimama mbele yangu. Kando yake kulikuwa na ndala za dhahabu za tantine Généreuse.

Nikasema kimoyomoyo: ni mimi. Nisikie.

"Ni uyu, Vital," tantine alisema polepole. "Angalia vile anasimama. Anaegemea mguu moja."

"Hapana, tantine." Alikuwa anacheka, kwa sauti ya mtu aliye mbele ya watu na anajua anapendwa. "Uyu ni munene sana. Uyu ni mama ya batoto tano. Wangu nilimukondesha mimi mwenyewe, ninajua kazi yangu."

Ukumbi ulicheka. Wa upande wake walicheka kwa sababu ilikuwa mzaha mzuri. Wa upande wetu, waliokuwa wameniona jana na juzi, walicheka kidogo wakaacha. Viatu vyeusi vikaondoka.

Nataka niseme ukweli, maana katika kisa hiki nimeshasema uongo wa kutosha. Hakujua ni mimi. Hakukusudia kuniumiza. Lakini kuna maneno ambayo mtu huyasema tu akidhani haupo, na hayo ndiyo huwa yake.

Alimchagua mwanamke wa nne. Alikuwa Kanana, rafiki yangu wa kazini, Mmeru mwembamba mwenye urefu wangu. Nilimsikia Vital akimwambia kwamba amemtambua, kwamba angemtambua hata gizani. Leso ikafunuliwa, ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na Kanana, Mungu ambariki, hakucheka hata kidogo. Uncle Isack akatangaza faini. Vital akapiga magoti kwa mzaha, akasema anaomba nafasi ya pili.

Akapita tena mbele yangu. Safari hii hakusimama. Alimchagua wa tano, binti wa jirani mwenye miaka kumi na tisa.

Kicheko cha mara ya pili kilikuwa kifupi. Walibaki wawili kabla yangu na mimi, na wale wawili walikuwa shangazi zangu, mmoja mfupi kama kinu. Watu walianza kuelewa. Nilisikia minong'ono ikitambaa kutoka meza hadi meza, kisha ndala za dhahabu zikaja moja kwa moja, mkono mzito ukanishika bega.

"Njo uyu, ni yeye," tantine Généreuse alisema. "Nilimwambia." Akanifunua yeye mwenyewe.

Mwanga uliniumiza macho. Vital alikuwa hatua tatu mbele yangu katika suti ya kijivu, mzuri wa kuua, tabasamu bado liko usoni kwa sababu lilikuwa halijapata habari. Alitazama shingo yangu. Akatazama tumbo. Akatazama mikono. Macho yangu aliyafikia mwisho, na alipoyafikia nikaona aibu ndani yake, na sikujua ni aibu kwa ajili yangu au kwa sababu yangu.

Tantine alinikumbatia kwa nguvu na kuninong'oneza sikioni kwamba sasa nimekuwa mwanamke, sasa anaona mtu. Alikuwa na furaha ya kweli. Ndiye mtu pekee mle ukumbini aliyefurahi kuniona, na sababu yake ilinichoma kuliko kisu.

Kwa mila, baada ya kupatikana, binti hupelekwa kubadilisha nguo, kisha hurudi kuulizwa mbele ya pande zote mbili kama kinywaji cha wakwe kinywewe. Akisema kinywewe, amekubali. Nilipelekwa kwenye jiko dogo nyuma ya ukumbi, na kabla Kanana hajamaliza kuzitoa pini mgongoni, Vital aliingia. Alimwomba Kanana atupishe. Kanana alinitazama, nikatikisa kichwa kukubali.

Tulisimama kila mmoja upande wake wa meza ya sufuria. Alinukia manukato niliyomnunulia.

"Ulinidanganya, Wacuka," alisema.

"Ndio. Nilikudanganya."

Nadhani alitegemea nikatae. Alifungua kifungo cha koti, akakifunga tena.

"Kila asubuhi nakuuliza, na we unaniambia one sixty-eight. Kila asubuhi. Wiki kumi na nne."

"Kumi na mbili. Wiki ya pili nilikuambia ukweli, nimeongeza four pounds. Unakumbuka ulifanya nini?"

Hakukumbuka. Nilimwona akitafuta na kukosa, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama angekumbuka. Nikamwambia alininyamazia siku mbili. Akasema alikuwa ananipa nafasi ya kujifikiria, ndivyo wanavyofanya na watu wanaorudi nyuma, ukimbembeleza mtu anabaki palepale. Nikamwambia hao ni wagonjwa wake. Akasema njia ni moja.

"Na si uzito," akaongeza. "Uzito unatoka. Ni uongo njo unaniumiza."

Ilikuwa nafasi nzuri ya kutokea, na mimi mwenyewe nilitaka aitumie. Uongo ulikuwa wangu, ningeomba msamaha, angenisamehe, tungelia na kurudi ukumbini tukishikana mikono. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini swali ndilo lililotoka.

"Kama ningekuambia juzi, Alhamisi, kwa simu. Vital, nimeongeza thirty-one. Ungekuja leo?"

Friji ilikuwa inanguruma nyuma yangu. Vital si mwongo. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote kumhusu.

"Ningekuja," alisema. "Lakini singeleta batu bote."

Nilishika ukingo wa meza. Aliona ameniumiza, akaja upande wangu, akanishika mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa ileile, ya joto, yenye vidole virefu vinavyojua mahali penye maumivu. Akaniambia nimsikilize. Alikuwa ameshapanga kila kitu njiani kutoka ukumbini hadi jikoni, hatua ishirini. Leo tungemaliza mila ili wazee wasiaibike. Harusi ya Novemba tungeisogeza mbele bila kuitaja tarehe. Angeniandikia mpango mpya wa chakula na mazoezi, angenipigia simu asubuhi na jioni, na safari hii ningepanda mizani kamera ikiwa imewashwa.

"Ukifika one-seventy, tunaweka date," alisema. "Unaweza, chérie. Ulishafanya mara moja. Mi nakupenda. Nakupenda vile nilikuona Pasaka."

Na mimi, msomaji, nusura niseme ndiyo. Usidhani ujasiri hukaa ukimsubiri mtu kama teksi. Nilimtazama mdomo, nikakumbuka asubuhi zote zile za pumzi yake sikioni, nikapiga hesabu ya miezi. Saba, labda minane. Nilijiona nimefika, nimesimama kwenye mizani mbele ya kamera, naye anatabasamu. Kisha nikajiona baada ya mtoto wa kwanza. Nikajiona na miaka arobaini na tano, nimevunjika nyonga. Nikajaribu kumwona Vital katika picha hizo, nikamwona mlangoni, amenyamaza siku mbili.

Nikamwambia anipe dakika chache nibadilishe nguo. Alinibusu kipaji cha uso, akatoka akiamini tumeelewana.

Mama aliingia mara alipotoka, na nikajua alikuwa amesikia yote, kwa sababu hakuuliza chochote. Alianza kunivua gauni la kitenge na kunivisha lile pana la manjano, alilolikopa kwa mtu kanisani bila kuniambia.

"Amekubali kungoja," alisema, akinivuta mkono wa gauni.

"Kungoja nini, mama?"

"Upungue. Si ulitaka kupungua? Kuna ubaya gani ukipungua na bwana anangoja?" Alinigeuza, akanifuta machozi kwa ncha ya leso yake, taratibu kabisa. "Wewe ni nani, Wacuka, ukatae kungojwa? Ukiwa hivi, na thirty-three years? Watu wametoka Houston. Sema ndio. Hayo mengine utakonda ukiwa kwako."

Nilimpenda mama yangu dakika ile na nikamchukia, vyote kwa moyo mmoja. Alikuwa anaogopa. Alimzika baba bila mguu, na alichojifunza kutokana na msiba ule ni kwamba mwanamke asibaki peke yake. Mimi nilijifunza kitu kingine, na nilikuwa nimekisahau kwa karibu miaka miwili. Sukari haijui kama una mchumba. Haingoji tarehe. Asubuhi ile ya Januari nilipozunguka maegesho na koti la baridi hakukuwa na mtu anayenisubiri popote, na nilizunguka.

Nikajiona mjinga kwa kuikumbuka asubuhi ile nikiwa nimevaa gauni la mtu mwingine.

Ukumbini walikuwa wameshapanga viti pande mbili. Uncle Isack alikuwa katikati na kibuyu, ingawa ndani mlikuwa na maji ya matunda, maana sisi sote ni watu wa kanisa. Alinisimamisha kando yake. Ni mtu mpole, na alikuwa ameona yote. Sauti yake ilikuwa laini alipouliza kwa kufuata mila.

"Wacuka, binti ya ndugu yangu. Hawa watu wametuletea kinywaji. Tunywe?"

Vital alinitazama na kuitikia kwa kichwa kidogo, kama anavyowafanyia wagonjwa wanaoogopa kuinuka. Nilikuwa na maneno mengi sana, makali, mengine ya kumvua nguo mbele ya watu kama alivyonivua. Niliyaacha. Nilichoka.

"Wapeni wanywe, uncle," nilisema. "Wametoka mbali na jua ni kali. Lakini wanywe kama wageni. Wasinywe kama wakwe."

Mila inataka binti aulizwe mara tatu, na kwa kawaida zile mbili za mwisho ni mapambo tu. Uncle Isack alizishukuru siku hiyo, nilimwona. Aliniuliza mara ya pili, polepole, akinipa nafasi ya kusema nilichanganyikiwa na njaa. Nikarudia vilevile. Mama akaweka kiganja mdomoni.

Vital alisimama. "Wacuka, usinifanyie hivi mbele ya batu."

"Ulinipita mara mbili mbele yao," nikamwambia. "Mimi nakupita mara moja."

"Sikujua ni wewe."

"Najua. Hiyo ndiyo shida, Vital. Ulikuwa unatafuta mtu mwingine."

Sikuona fahari yoyote. Wanaodhani kukataa kunampa mtu nguvu hawajawahi kukataa mtu wanayempenda. Uncle Isack aliuliza mara ya tatu, na nikajibu mara ya tatu, na ikawa imekwisha. Akamgeukia msemaji wao akaomba radhi kwa niaba ya ukoo wetu. Kisha, kwa kuwa mila ni mila, akaamuru wageni wapewe kinywaji.

Wakanywa. Hilo sitalisahau. Wazee wa Kongo waliosafiri tangu alfajiri wakapokea vikombe wakiwa wameinamisha vichwa, wakanywa kama wageni. Tantine Généreuse alikunywa akilia, na alipomaliza alikuja kunirudishia kikombe mkononi, akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema nimepoteza mwanaume mzuri. Sikubisha, maana alikuwa mzuri. Vital hakunywa. Alipita mlangoni bila kugeuka, bega moja limeshuka, na nilikaribia kumkimbilia kwa sababu lile bega ndilo nililokuwa nalilalia. Kanana ndiye aliyenishika.

Tuliobaki tulikula chakula cha watu themanini. Nami nilikula, sahani moja, mbele ya macho yao yote, kila mmoja akihesabu vijiko vyangu na kunielewa anavyopenda. Shangazi mfupi alisema kwa sauti ya kutosha kwamba angalau hamu haijapotea.

Jumapili niliamka saa kumi na moja na nusu kwa mazoea. Simu ilikuwa kimya kando ya mto. Niliitazama robo saa nzima, na sitadanganya, niliiombea ilie. Haikulia. Nikaamka nikatafuta viatu vya kutembelea, nikavikuta chini ya kochi na vumbi la miezi mitatu.

Mama alikuwa ameshaamka, au hakulala. Alisimama mlangoni pa jikoni na kikombe cha chai, akanitazama nikivaa. Macho yake yalikuwa yamevimba kama yangu.

"Sasa unajitesa kwa ajili ya nani?" aliuliza.

Niliinama na kamba za viatu mkononi nikalitafuta jibu. Nilitaka kusema kwa ajili yangu, kama wanavyosema kwenye mabango ya kliniki, lakini asubuhi ile sikujipenda kiasi hicho. Nilitaka kusema kwa ajili ya baba, lakini baba amekufa. Nikafunga kamba bila kumjibu, nikatoka.

Joto lilikuwa limeshaanza. Mzunguko wa kwanza nilihema kama mbwa. Wa pili, kifundo kikaanza kuuma, mapaja yakasuguana, na jirani aliyekuwa ukumbini jana alipita na gari lake taratibu, akanipungia mkono kwa huruma. Niliketi ukingoni mwa maegesho, nikafunika uso kwa mikono, nikalia hadi kwikwi ikanishika.

Kwikwi ilipotulia, nilisimama nikaenda mzunguko wa tatu.